Mtangazaji Aliyesema Alichokiona: Maisha ya Red Barber

Kila Jumapili baada ya ibada, mzee wa kanisa huingia vestri, hufungua daftari la huduma, na kuandika idadi ya watu waliohudhuria. Ni kazi ndogo, wala hakuna anayeisifu. Lakini sisi tuliopata kuishika kalamu ile twalijua jaribu lake. Mvua imenyesha, watu hawakuja, viti vimebaki vitupu, na mwezi ujao Askofu anakuja kututembelea. Hapo kalamu husita. Je, waandikwe 34 waliohesabiwa, au waandikwe 50, maana huenda wengine walisimama nje tusiwaone?

Katika toleo hili twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya Mmarekani mmoja ambaye kwa zaidi ya miaka 30 kazi yake ilikuwa kusema mbele ya watu wengi yale aliyoyaona kwa macho yake. Jina lake lilikuwa Walter Lanier Barber, lakini kwa ajili ya nywele zake watu walimwita Red, yaani Mwekundu. Alikuwa mtangazaji wa mchezo wa besiboli katika redio. Tena alikuwa ndugu yetu katika imani, mshiriki wa Kanisa la Episkopali, ambalo ndilo Kanisa la Anglikana huko Marekani. Askofu alimpa idhini ya kuwa Msomaji, naye akaongoza sala na kuhubiri akiwa mlei kama sisi.

Yafaa kwanza tuueleze mchezo wenyewe, maana wengi wetu hatujauona. Besiboli inafanana kidogo na kriketi. Kila upande una wachezaji 9. Mmoja hurusha mpira kwa nguvu, na mpinzani wake aliyeshika rungu hujaribu kuupiga. Akiupiga vema hukimbia kuzunguka vituo vinne, na akifika salama pale alipoanzia upande wake umepata alama moja. Mchezo huchukua saa mbili au tatu, na ndani yake mna vituo virefu ambamo hakuna kinachotendeka, ila mrushaji anatazama chini na mpigaji anapangusa mikono. Kwa hiyo mtangazaji wa redio ana nafasi kubwa sana ya kusema. Msikilizaji aliye nyumbani haoni kitu, naye hana budi kuamini aambiwalo. Basi mtangazaji akipenda kutia chumvi, nani atamkamata?

Barber alizaliwa tarehe 17 Februari 1908 katika mji wa Columbus, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa dereva wa gari moshi na msimulizi hodari wa hadithi. Mama yake alikuwa mwalimu wa shule, naye aliwafundisha watoto wake kuiheshimu lugha na kuisema sawasawa. Mwaka 1918 jamaa hiyo ilihamia Sanford, mji mdogo wa jimbo la Florida, na huko ndiko kijana alikokulia.

Katika nchi ile ya kusini siku zile, watu Weusi walitengwa na Wazungu katika kila jambo. Shule zao zilikuwa mbali, mabehewa yao mbali, hata mahali pa kunywea maji palikuwa mbali. Kijana Barber alikua akiyaona hayo kuwa ndiyo desturi ya dunia, kama vile jua kuchomoza mashariki. Tena ndoto yake ya ujana ilikuwa kuingia katika vikundi vya maigizo ambamo Wazungu walijipaka masizi usoni na kuwaiga Weusi ili watu wacheke. Hatulitaji hili kwa kumfedhehesha marehemu. Yeye mwenyewe hakuificha asili yake, na tusipoijua hatutaifahamu vita aliyokuja kupigana moyoni mwake.

Alipotimiza umri wa miaka 21 aliondoka nyumbani akiwa na fedha kidogo, akaomba lifti barabarani mpaka Gainesville, kwenye Chuo Kikuu cha Florida. Alijiandikisha katika masomo ya ualimu. Sisi walimu twafurahi kusikia hivyo! Ili apate chakula na malazi alifanya kazi ya kufagia na kusafisha katika nyumba walimokaa walimu wa chuo. Mwezi Januari 1930 mwalimu mmoja wa kilimo alimwomba aende kwenye kituo cha redio cha chuo, WRUF, akasome mbele ya kipaza sauti karatasi ya kitaalamu kwa niaba ya mwenzake. Karatasi hiyo ilihusu uzazi wa ng'ombe. Barber hakujua lolote juu ya uzazi wa ng'ombe, lakini alisoma vizuri, na wenye kituo wakamtaka arudi. Muda si muda aliacha ualimu akawa mtangazaji. Mwaka 1931 alimwoa Lylah Scarborough, muuguzi aliyekutana naye pale pale Gainesville. Mama huyu tutamkuta tena mbele, maana katika saa ya hatari neno lake ndilo lililomponya mumewe.

Mwaka 1934 Barber aliitwa Cincinnati, jimbo la Ohio, kutangaza michezo ya timu ya Reds kwa mshahara wa dola 25 kwa juma. Siku ya kwanza ya msimu, mwezi Aprili, alitangaza mchezo wa ligi kuu, na mchezo huo huo ndio wa kwanza wa ligi kuu aliopata kuuona maishani mwake! Kijana alitambua upungufu wake akaanza kusoma. Alifika uwanjani mapema, akaketi na makocha na wachezaji, akauliza maswali kama mwanafunzi. Tarehe 24 Mei 1935 alitangaza mchezo wa kwanza wa ligi kuu kuchezwa usiku chini ya taa za umeme. Rais Roosevelt mwenyewe alibonyeza kitufe akiwa Washington, na taa zikawaka Cincinnati.

Zamani zile timu iliposafiri, kituo cha redio hakikuwa na fedha za kumpeleka mtangazaji. Karani wa simu ya maandishi alikaa uwanjani akituma habari fupi fupi, na mtangazaji, aliyeketi chumbani mji mwingine, alizipokea na kuzigeuza kuwa masimulizi. Watangazaji wengi walijifanya wako uwanjani. Waligonga kijiti ili kisikike kama rungu likipiga mpira, wakapiga santuri za makelele ya watu. Barber hakutaka hivyo. Alikiweka kipaza sauti karibu na mtambo wa simu, ili kila msikilizaji asikie ule mlio wake na kujua kwamba mtangazaji hayupo uwanjani. Hakuna aliyemlazimisha. Hata hivyo aliona kwamba kumfanya mtu aamini jambo lisilokuwapo ni uongo, hata kama mdomo haukutamka neno la uongo.

Mwaka ule wa 1935 alichaguliwa kuwa mmoja wa watangazaji wa mashindano makuu ya mwisho wa mwaka. Kabla ya mchezo, msimamizi mkuu wa besiboli, Kenesaw Mountain Landis, ambaye zamani alikuwa jaji, aliwakusanya watangazaji wote akawapa maagizo. Aliwaambia kwamba wachezaji wanajua kucheza, makocha wanajua kuongoza, waamuzi wanajua kuamua. Kazi ya mtangazaji ni kutoa habari ya kile anachokiona, asiongeze maoni yake. Hata mchezaji akija kumtemea mate Landis mwenyewe alipoketi, mtangazaji aseme mate yalifika wapi, asiseme kama ni vema au ni vibaya. Barber aliyashika maneno hayo, nayo yakawa kwake kama sheria. Wakati ule hakujua yangekuja kumsaidia katika jambo zito kuliko mchezo.

Mwaka 1939 alihamia New York, kwa timu ya Dodgers ya mtaa wa Brooklyn. Timu tatu za jiji lile zilikuwa zimepatana kwa miaka mitano kutotangaza michezo yao redioni, kwa kuogopa kwamba watu wangekaa nyumbani kusikiliza bure wasije kulipa kiingilio. Kiongozi wa Dodgers, Larry MacPhail, alikataa kuendelea na mapatano hayo akamleta Barber. Tarehe 26 Agosti mwaka huo huo, Barber alikuwa sauti ya mchezo wa kwanza wa ligi kuu kuonyeshwa katika televisheni.

Watu wa Brooklyn walimpenda upesi. Ilisemwa kwamba mtu aliweza kutembea mtaani kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukosa hata mpira mmoja, kwa sababu kila dirisha lilikuwa wazi na kila redio ilikuwa ikisema kwa sauti ya Barber. Sauti hiyo ilikuwa ya upole, yenye lafudhi ya kusini, na iliyojaa misemo ya shambani ambayo watu wa jiji hawakupata kuisikia. Timu iliyowashambulia wenzake vikali aliifananisha na mtu anayeng'oa kunde zote shambani.

Juu ya meza yake palikuwa na kichupa cha mchanga, kile cha kupimia dakika tatu za kuchemshia mayai. Mchanga ulipokwisha kushuka, alitaja hesabu ya alama, akakigeuza kichupa upya. Alijua kwamba kila wakati kuna mtu ambaye ndiyo kwanza anafungua redio, na mtu huyo asiachwe gizani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumia redio kuwaomba wasikilizaji watoe damu kwa ajili ya majeruhi, na watu wa Brooklyn wakaenda kwa wingi.

Sasa tumefika kwenye jaribu lenyewe. Mwezi Machi 1945, Branch Rickey, aliyekuwa amekwisha kuchukua uongozi wa Dodgers baada ya MacPhail, alimwita Barber wale pamoja katika hoteli moja ya Brooklyn. Rickey alikuwa Mmethodisti mwenye msimamo, asiyekwenda uwanjani siku ya Jumapili. Alimweleza kisa cha ujana wake. Alipokuwa kocha wa chuo kimoja huko Ohio, timu yake ilisafiri mpaka South Bend, Indiana, na hoteli ikakataa kumpokea mchezaji wao Mweusi, Charles Thomas. Baada ya kubishana, akaruhusiwa kulala chumbani mwa Rickey. Usiku ule Rickey alimwona yule kijana akilia na kusugua mikono yake, kana kwamba angeweza kuiondoa ngozi yenyewe. Rickey hakulisahau jambo lile. Tangu miaka ya 1880 na kitu, hakuna Mweusi aliyeruhusiwa kucheza ligi kuu. Sasa, alisema, yeye ataleta mchezaji Mweusi katika timu ya Brooklyn. Bado hajui ni nani, lakini yuaja.

Ni watu wachache sana waliokuwa wameambiwa siri hiyo. Barber alirudi nyumbani ameduwaa. Alimwambia mkewe kwamba ataacha kazi. Hakuwa na chuki ya wazi kwa mtu yeyote, lakini yote aliyolelewa nayo yalimwambia kwamba jambo hili haliwezekani. Mama Lylah, ambaye naye alikuwa mtoto wa kusini, hakumkemea wala hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba si lazima aache kazi usiku ule. Wapate kinywaji, na mengine yatazungumzwa baadaye. Mara ngapi katika nyumba zetu neno moja la utulivu la mke au la mume limezuia jambo la kujutia miaka mingi!

Siku zilizofuata Barber alijichunguza. Alijiuliza swali moja lililomsumbua. Je, yeye alifanya nini hata akazaliwa Mzungu? Hakuwachagua wazazi wake, wala mji, wala rangi. Ikiwa yeye hakustahili sifa kwa hayo, huyo mchezaji ajaye atastahilije lawama kwa ya kwake? Ikatukia pia kwamba kasisi wa kanisa lao huko Scarsdale, karibu na New York, alimwomba atoe mazungumzo juu ya wanadamu kuwa ndugu, kwa sababu palikuwa na mfarakano kati ya Wakristo na Wayahudi wa mahali pale. Barber aliketi kuyatengeneza mazungumzo hayo, na kadiri alivyoandika ndivyo alivyoona kwamba anajihubiri mwenyewe. Awezaje kusimama mbele ya watu na kuwaambia kwamba Myahudi ni ndugu, kisha akimbie kazi kwa sababu ya mtu Mweusi? Sisi tunaopanda mimbari mara kwa mara twajua jinsi hotuba inavyoweza kumgeukia mwandishi wake.

Ndipo alipoyakumbuka maagizo ya Jaji Landis. Kazi yake ni kutoa habari ya mpira. Mtu akiupiga, aseme ameupiga. Akiukosa, aseme ameukosa. Hakuambiwa apende wala achukie, aliambiwa aone na aseme. Basi akakata shauri kubaki.

Mchezaji aliyechaguliwa alikuwa Jackie Robinson. Mwezi Machi 1946, alipokuwa akifanya mazoezi na timu ndogo ya Dodgers, alipelekwa Sanford, ule mji alikokulia Barber, na watu wa mji wakamfukuza. Twaweza kuwaza mtangazaji yule alijisikiaje kusikia habari hiyo ya kwao. Tarehe 15 Aprili 1947 Robinson aliingia uwanja wa Ebbets Field, Brooklyn, akiwa Mweusi wa kwanza wa ligi kuu katika karne ile. Alitukanwa, alirushiwa mipira mwilini, aliandikiwa barua za kumwua. Alikuwa amemwahidi Rickey kwamba hatalipiza.

Na Barber alifanya nini? Alitangaza mpira. Hakuitaja rangi ya Robinson. Hakumsifu kupita kipimo ili aonekane mwema, wala hakumpunguzia haki yake. Robinson alipoiba kituo kwa mbio, wasikilizaji walielezwa mguu ulivyofika kabla ya mpira. Alipokosea, walielezwa kwamba amekosea. Watu wengi sana katika jiji lile walimsikia mtu wa kusini, mwenye lafudhi ya kusini, akimtaja mtu Mweusi siku baada ya siku kama anavyotajwa mchezaji mwingine yeyote. Labda mahubiri mengi yasingefanya kazi kama hiyo. Robinson baadaye alimshukuru, lakini Barber aliona kwamba deni lilikuwa upande wake. Aliandika kwamba Robinson alimfanyia yeye mengi zaidi kuliko yeye alivyomfanyia Robinson. Alieleza habari zote hizo katika kitabu alichokitoa mwaka 1982 juu ya mwaka ule wa 1947.

Mwezi Oktoba mwaka ule ule wa 1947 alikutana na jaribu la namna nyingine. Katika mchezo wa nne wa mashindano makuu, mrushaji wa Yankees, Bill Bevens, alikuwa karibu kumaliza mchezo wote bila mpinzani hata mmoja kuupiga mpira wake vema. Wachezaji wa besiboli wana mwiko: jambo kama hilo halitajwi mpaka limalizike, ili lisiharibike. Mwenzake Barber, Mel Allen, aliyetangaza nusu ya kwanza, aliuheshimu mwiko. Barber alipopokea kipaza sauti alilisema mara moja, kwa sababu lilikuwa ni kweli na msikilizaji alistahili kulijua. Katika dakika za mwisho kabisa Cookie Lavagetto wa Brooklyn aliupiga mpira ukagonga ukuta, wawili wakaingia, na Brooklyn wakashinda 3 kwa 2. Wako waliomlaumu Barber kwamba ameleta mkosi. Yeye hakuamini kwamba neno la kweli lina uchawi.

Mwaka 1948 vidonda vya tumbo vilitoka damu akaanguka, karibu afe, akakaa majuma mengi bila kazi. Baada ya kupona aliwalea vijana. Mmoja wao alikuwa Vin Scully, kijana aliyekaa juu ya paa la uwanja wa Boston katika baridi kali bila koti, akatangaza mchezo mzima asilalamike. Barber alipopata habari hiyo baadaye alimchukua, na mwaka 1950 Scully akaanza kazi Brooklyn. Barber alimkataza kuwasikiliza watangazaji wengine ili asiwaige, akamfundisha kufika mapema na kutoshangilia upande wake. Scully aliitumikia timu ile misimu 67, mpaka mwaka 2016. Mwalimu hupimwa kwa mwanafunzi wake.

Mwaka 1953 kampuni iliyolipia matangazo ya mashindano makuu ilimwekea Barber dola 200 kwa kila mchezo bila kuafikiana naye. Alikataa kufanya kazi kwa masharti hayo. Mwenye timu, Walter O'Malley, hakumwunga mkono. Barber aliaga Brooklyn baada ya miaka 15, akaenda Yankees mwaka 1954. Mwaka huo huo alipoteza uwezo wa kusikia kwa sikio moja baada ya upasuaji. Hata hivyo aliendelea.

Mwaka 1966 Yankees, ile timu iliyozoea ushindi, ilishika nafasi ya mwisho. Wakati huo ilikuwa mali ya shirika kubwa la utangazaji. Tarehe 22 Septemba, baada ya mvua, timu ilicheza katika uwanja uwezao kuketisha watu zaidi ya 60,000. Waliokuja walikuwa 413. Barber alikuwa akitangaza katika televisheni. Alimwomba mwongozaji wa picha aelekeze kamera kwenye viti vitupu. Akakataliwa. Akaomba tena, akakataliwa, na akatambua kwamba agizo limetoka juu. Basi alifanya kwa maneno kile ambacho kamera haikuruhusiwa kufanya. Aliwaambia watazamaji hesabu ya watu waliokuwapo, na kwamba habari ya siku ile ilikuwa watu hao wachache, wala si mchezo.

Siku chache baadaye kiongozi mpya wa timu alimwita kifungua kinywa. Barber alidhani wanakwenda kuzungumza juu ya mwaka ujao. Aliambiwa kwamba mkataba wake hautaendelezwa. Alikuwa na umri wa miaka 58, na hakutangaza tena kwa timu yoyote.

Tukimfuata hapa tu tungeweza kudhani kwamba kweli haina faida. Lakini Mungu hakuwa amemaliza naye. Alirudi Florida, akaandika vitabu, kimoja chao juu ya imani, kilichotoka mwaka 1969. Aliendelea na kazi yake ya Msomaji, akihubiri alipoalikwa. Mwaka 1978 yeye na Mel Allen walikuwa wa kwanza kupewa heshima ya watangazaji katika jumba la kumbukumbu za besiboli huko Cooperstown. Tena mwaka 1981 redio ya taifa ya wasikilizaji ilimwomba azungumze kila Ijumaa asubuhi, dakika nne tu, na mtangazaji Bob Edwards, kutoka nyumbani kwake Tallahassee. Walitegemea habari za michezo. Mzee aliwapa michezo alipotaka, na siku nyingine aliwapa habari za maua yake ya kamelia, paka wake, hali ya hewa na mambo ya imani. Wasikilizaji wa nchi nzima, wengi wasiojua besiboli, walipanga asubuhi zao ili wasimkose. Kazi hiyo aliifanya miaka 12, karibu mpaka kufa kwake. Alifariki tarehe 22 Oktoba 1992, mwenye umri wa miaka 84, akimwacha mjane wake na binti yao mmoja.

Ndugu wapendwa, hatukumleta Barber mbele yenu ili mumwone kuwa mtakatifu. Alikuwa na kiburi cha kazi yake, na alikuwa mgumu kwa vijana. Alizaliwa katika dhambi ya watu wake kama sisi sote tulivyozaliwa katika dhambi ya watu wetu, kabila letu na ukoo wetu. Tofauti ni kwamba alipoitwa kuchagua, alikaa chini akajiuliza, kisha akaishika kazi aliyopewa na kuifanya kwa uaminifu. Tena tuangalie kwamba kweli ile ile iliyompatia jina jema mwaka 1947 ndiyo aliyoisema mwaka 1966, na safari ya pili akapoteza kazi. Hakuibadilisha kwa sababu bei imepanda.

Amri ya tisa yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Tumezoea kuifikiria mahakamani. Lakini shahidi ni kila mtu anayeona jambo ambalo mwenzake hakuliona, kisha akaulizwa. Mwalimu anayeandika ripoti ya mtoto ni shahidi. Mweka hazina anayesoma hesabu za sadaka mbele ya baraza la kanisa ni shahidi. Mama anayeulizwa na jirani habari za ugomvi wa jana kisimani ni shahidi. Hata mzee wa kanisa, peke yake vestri, na kalamu mkononi, ni shahidi.

Basi Jumapili ijayo, mvua ikinyesha na viti vikawa vitupu, tuwahesabu waliokuja na tuwaandike. Kama ni 34, iandikwe 34. Askofu akiuliza sababu, tutamweleza. Nao wale 34 waliolowa njiani wakija kumsifu Mungu wamestahili kuhesabiwa sawasawa.